Hufunzwa na Ulimwengu: Watoto wa Muscat katika Dunia za Mtandaoni

Mwezi wa Juni 2018 mji wa Quriyat, ulio ndani ya mkoa wa Muscat, uliingia katika rekodi za hali ya hewa za dunia: kwa zaidi ya saa 24 joto halikuteremka chini ya nyuzi 42.6, hata usiku wa manane. Anayeishi Muscat hakushangaa sana. Kuanzia Mei hadi Septemba hakuna mtoto wa kucheza nje mchana. Mpira unangojea jua lizame, ufukwe wa Qurum unangojea jioni, na mtoto anabaki chumbani, kiyoyozi kinavuma, tableti mkononi. Mama akipita mlangoni anamwona mwanawe kakaa kitandani kimya, anamshukuru Mungu kwamba yumo ndani.

Yumo ndani, lakini hayuko peke yake. Yuko katika uwanja wenye watu ishirini, na hata mmoja wao hamjui kwa sura wala kwa jina la kweli. Anakimbia nao, anajenga nao, anazungumza nao. Mmoja alimpa zawadi jana. Mwingine leo amemwuliza anakaa wapi.

Wazee wetu walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Ulimwengu waliokusudia ulikuwa nje ya mlango, na mtoto aliufikia kidogo kidogo: kwanza dukani, kisha skuli, kisha sokoni na safarini. Leo ulimwengu unamfuata chumbani akiwa na miaka minane. Katika makala haya nataka kupima kinga tulizonazo dhidi ya hatari zake: kinga za makampuni, za serikali na za nyumbani. Rai yangu ni kwamba zote zina kazi, lakini wanaowaumiza watoto katika dunia hizi wanategemea kitu kimoja kuliko vyote, nacho ni aibu ya mtoto mbele ya watu wake. Kufuli la aibu hiyo hakuna kampuni wala serikali iwezayo kulifungua kwa niaba yetu.

Dunia hizi ni zipi

Ninaposema dunia za mtandaoni, sikusudii filamu za katuni wala kurasa za kupandisha picha. Nakusudia mahali ambapo mtu anajichagulia umbo, yaani avata, kisha anaingia na kukutana na wengine papo kwa papo. Si jambo la jana. Habbo ilianzia Finland mwaka 2000, ikiwa hoteli ya kuchorwa ambamo vijana walikuwa wakipanga vyumba na kuzungumza. Second Life ilifuata 2003. Roblox ilifunguliwa kwa umma 2006, Minecraft ikatoka rasmi 2011, Fortnite 2017. Hapa Ghuba kuna pia Yalla, kampuni iliyoanzia Dubai 2016, yenye vyumba vya kuzungumza kwa sauti na mchezo wa Ludo unaochezwa huku watu wakipiga soga.

Roblox ndiyo kubwa zaidi kwa watoto. Si mchezo mmoja, ni soko la mamilioni ya michezo iliyotengenezwa na watumiaji wenyewe. Katika robo ya tatu ya mwaka 2025 kampuni ilitangaza kwamba zaidi ya watu milioni 150 walikuwa wakiingia kila siku. Kwa takwimu zake za 2023, takriban wanne katika kila kumi walikuwa chini ya miaka 13. Skuli za Oman zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, watoto waliokatazwa kutembeleana walikutana humo na katika Minecraft. Skuli zikafunguliwa, mazoea yakabaki.

Haki inatutaka tuanze na mema yake. Familia nyingi za Muscat zinazozungumza Kiswahili zina ndugu Unguja, Pemba, Mombasa, Dubai na London. Zamani binamu hawa walijuana kwa picha za harusi. Leo mtoto wa Al Khoudh na mtoto wa Mombasa wanajenga ngome moja ndani ya Minecraft, wanagombana juu ya mlango uwe wapi, wanapatana. Wapo watoto waliojifunza kuandika programu kwa sababu walitaka mchezo wao wenyewe ndani ya Roblox. Mzazi anayeziita dunia hizi upuuzi mtupu hatasikilizwa na mwanawe, kwa sababu mtoto anajua kwamba si kweli.

Baraza lisilo na wazee

Kila watu wana namna yao ya kumwingiza mtoto katika jamii. Oman ina sabla, mahali pa mkutano ambapo kijana huanza kwa kumimina kahawa na kusikiliza, kabla hajapewa nafasi ya kusema. Pwani yetu ya Waswahili ina baraza, mtoto anapita na kusalimia, anakaa pembeni, anasikia wakubwa wanavyobishana na kusuluhishana. Huko nako mtoto alikutana na wageni na wenye tabia mbaya. Lakini mgeni aliyemwita mtoto pembeni alionekana. Macho ya watu yalikuwa ukuta.

Dunia za mtandaoni zimeondoa ukuta huo kwa mambo matatu kwa pamoja. Kwanza, zinachanganya rika: mtoto wa miaka tisa na mtu wa miaka arubaini wanaingia uwanja mmoja. Pili, umbo ni la kujichagulia, kwa hiyo mtu mzima anaweza kuvaa sura ya mtoto. Tatu, mazungumzo ya faragha hayana shahidi. Kila moja kati ya haya lingevumilika likiwa peke yake. Yakikutana, yanamweka mtoto katika baraza lililojaa watu na lisilo na mzee hata mmoja.

Wanaorubuni watoto wanaijua hali hiyo, na njia yao hujirudia. Mtu anacheza vizuri, anamsaidia mtoto kuvuka hatua ngumu, anamsifu. Anampa zawadi: Robux, ambazo ndizo fedha za Roblox, au vazi la avata ambalo mtoto alilitamani. Wanakuwa marafiki. Kisha anaomba wahamie mahali pengine, Discord, Snapchat au WhatsApp, akisema huko kuchati ni rahisi. Hatua hii ndiyo ya kuangaliwa kuliko zote, kwa sababu hapo mtoto anatoka katika dunia yenye walinzi, hata kama walinzi wenyewe ni dhaifu, na kuingia chumba kisicho na mlinzi. Baada ya hapo huja siri: usimwambie mama, hataelewa. Huja picha. Na ikishapatikana picha moja, rafiki anageuka: lete nyingine, au lete pesa, au hii naituma kwa baba yako na kwa wanafunzi wenzako wote.

Katika Kiarabu cha hapa jambo hilo huitwa ibtizaz. Kwa Kiswahili ni unyang'anyi kwa kutishia fedheha.

Tusidhani kwamba linawakuta mabinti tu. Desemba 2022 shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilionya kwamba katika mwaka ule watoto wasiopungua 3,000 nchini humo walikuwa wamenyang'anywa kwa njia hii, wengi wao wavulana, na kwamba zaidi ya kumi na wawili walijiua. Taarifa hiyo inatugusa sisi hasa. Katika nyumba zetu binti anaulizwa anaongea na nani. Kaka yake anaachiwa, kwa sababu mwanamume haharibikiwi. Mnyang'anyi anajua kwamba mlango usiolindwa ni ule wa kaka.

Wala tusidhani ni balaa la nchi za mbali. Utafiti wa UNICEF, ECPAT na Interpol uliofanywa Tanzania ulionyesha kwamba asilimia 4 ya watumiaji wa intaneti wenye umri wa miaka 12 hadi 17 walikuwa wamefanyiwa, ndani ya mwaka mmoja tu, vitendo vya wazi vya unyanyasaji wa kingono kupitia mtandao, vikiwemo kutishwa na kurubuniwa kwa pesa au zawadi. Hao ni watoto wapatao 200,000. Huenda binamu wanaocheza na watoto wetu wamo katika hesabu hiyo.

Kufuli za makampuni

Historia inaonyesha kwamba makampuni hujifunza, lakini mara nyingi baada ya kubanwa. Juni 2012 televisheni ya Channel 4 ya Uingereza ilifichua mazungumzo ya kingono yaliyokuwa yakiendelea ndani ya Habbo, na kampuni ikazima mazungumzo yote kwa muda. Desemba 2022 Epic Games, wenye Fortnite, walikubali kulipa dola milioni 520 katika mashauri yaliyofunguliwa na Tume ya Biashara ya Marekani. Milioni 275 zilihusu sheria ya faragha ya watoto. Milioni 245 zilikuwa za kuwarudishia wateja waliobonyezeshwa kununua vitu wasivyovikusudia. Katika madai ya Tume, moja linafaa kukumbukwa na kila mzazi: mazungumzo ya sauti na ya maandishi yalikuwa yamewashwa tangu mwanzo, hata kwa watoto. Mtoto hakuuchagua mlango ule. Aliukuta wazi.

Roblox nayo imekuwa ikiongeza kufuli. Novemba 2024 iliwapa wazazi uwezo wa kusimamia akaunti za watoto kutoka katika simu zao, na ikawazuia walio chini ya miaka 13 kutuma ujumbe wa faragha nje ya michezo. Agosti 2025 mwanasheria mkuu wa jimbo la Louisiana aliifungulia kesi kwa madai kwamba haikuwalinda watoto, madai ambayo kampuni inayakanusha. Novemba 2025 ikatangaza kwamba anayetaka kuchati atapimwa umri kwa kamera ya uso, kisha azungumze na walio karibu na rika lake.

Hatua hiyo ya mwisho inalenga kidonda chenyewe, ule mchanganyiko wa rika. Hata hivyo ina mianya. Katika nyumba ya watu wengi ni rahisi mdogo kumpa kaka yake tableti aangaliwe uso yeye. Na kamera inayopima uso wa mtoto inazaa swali la picha ile inakwenda wapi. Sheria ya Oman ya Kulinda Taarifa Binafsi, iliyotolewa kwa Amri ya Kifalme Na. 6/2022, inataka idhini ya mlezi kabla ya kuchakata taarifa za mtoto. Mzazi anayo haki ya kuuliza.

Kuna udhaifu mwingine unaotuhusu sisi kwa namna ya pekee: lugha. Mwanzoni mwa 2024 Roblox ilileta tafsiri ya papo kwa papo ya mazungumzo katika lugha 16. Kiarabu hakikuwemo, wala Kiswahili. Lugha ambayo mashine haikufunzwa kuitafsiri, ni vigumu pia kwa mashine kuilinda. Na watoto wa Muscat hawaandiki hata Kiarabu cha kitabuni. Wanakiandika kwa herufi za Kilatini, tarakimu 3 ikisimama mahali pa ain na 7 mahali pa ha, wakichanganya na Kiingereza, na katika nyumba zetu na Kiswahili. Neno chafu la Kiingereza litanaswa. Tusi au ushawishi uliosukwa kwa lugha tatu unaweza kupita bila kushtukiwa. Kampuni inayochuma pesa za watoto wanaozungumza lugha fulani inapaswa kuajiri watu wanaoielewa lugha hiyo. Dai hilo ni la haki, na tulidai kwa sauti.

Kufuli za serikali

Serikali kadhaa zimechoka kusubiri. Uturuki iliifunga Roblox Agosti 2024. Qatar na Kuwait zilifuata Agosti 2025, Iraki Oktoba 2025. Saudi Arabia na Falme za Kiarabu zilichukua njia nyingine: kampuni ilizima mazungumzo katika nchi hizo, na Saudi Arabia ikaahidiwa uangalizi bora wa maudhui ya Kiarabu. Ukizilinganisha njia hizi mbili unaona jambo. Kufunga kunamkinga mtoto mdogo ambaye hajui kuzunguka. Kuzima mazungumzo na kudai waangalizi wa lugha kunaigusa sababu ya hatari yenyewe, na kumwachia mtoto uwanja wake wa kucheza.

Aliye mkubwa kidogo haachi kucheza kwa kufungiwa. Anahama. Na sisi wazazi tumemwonyesha njia: kwa miaka mingi simu za WhatsApp zilikuwa hazipigiki Oman, na mtoto amewaona wakubwa wakiwasha VPN ili wamsikie shangazi wa Mombasa. Akifungiwa mchezo, atatafuta VPN ya bure, na programu za aina hiyo nyingi zinajilipa kwa taarifa za anayezitumia. Kufuli linalompeleka mtoto mahali pa giza zaidi halijamlinda.

Oman ina silaha ya kisheria ambayo wazazi wengi hawaijui. Sheria ya Makosa ya Mtandao, Amri ya Kifalme Na. 12/2011, katika kifungu cha 18 inamwadhibu anayetumia mtandao kumtishia mtu ili afanye au aache jambo: kifungo cha mwezi mmoja hadi miaka mitatu na faini ya riali 1,000 hadi 3,000, au mojawapo. Tishio likiwa la kutenda jinai kubwa au la kumvunjia mtu heshima, kifungo ni miaka mitatu hadi kumi, na faini riali 3,000 hadi 10,000. Sheria ya Mtoto, Amri ya Kifalme Na. 22/2014, inamhesabu mtoto kuwa kila aliye chini ya miaka 18, na imeweka kamati za kumlinda. Wizara ya Maendeleo ya Jamii ina simu ya kulinda watoto, namba 1100. Tangu 2010 nchi ina kituo chake cha taifa cha usalama wa mitandao, OCERT. Kwa ndugu walioko Tanzania na Kenya, simu ya mtoto ni 116.

Kwa hiyo sheria ipo, na namba ya kupiga ipo. Kinachokosekana ni mtu wa kuinua simu na kuipiga namba hiyo, na hapo ndipo tunaporudi nyumbani.

Sitara na kimya

Tuchukue mfano wa nyumba moja ya kawaida, Al Khuwair au Seeb. Bibi alizaliwa Unguja, akaja Oman baada ya Mapinduzi ya 1964, au pale Sultan Qaboos alipowaita Waomani warudi nyumbani baada ya 1970. Lugha ya moyo wake ni Kiswahili. Mama anazungumza Kiswahili na Kiarabu. Mtoto anasoma kwa Kiarabu, anacheza kwa Kiingereza, na Kiswahili anakisikia zaidi kuliko anavyokisema. Bibi ndiye anayekaa naye mchana, wazazi wakiwa kazini. Anayesikia sauti zinazotoka katika tableti hazielewi. Anayezielewa hayupo nyumbani. Hapo ulinzi umekatika, na wala hakuna aliyefanya kosa.

Pengo la lugha linazibika. Pengo la aibu ni refu zaidi. Mtoto aliyetuma picha anajua tayari atakachoambiwa: kwa nini ulikubali, umetuvunjia heshima, leta simu. Adhabu ya kwanza anayoiona mbele yake inatoka kwa baba, na mnyang'anyi anailenga adhabu hiyo. Hana nguvu nyingine. Yuko mbali, pengine katika nchi ambayo mtoto hawezi kuionyesha kwenye ramani, na hawezi hata kumgusa. Anachokodi ni ukali wetu. Kila tunapotangaza mbele ya watoto kwamba msichana fulani ameaibisha ukoo wake, tunamtumikia mtu huyo bila ujira.

Najua nitajibiwa kwamba heshima ndiyo nguzo ya nyumba ya Mwislamu na ya Mswahili. Ni kweli, na katika heshima hiyo kuna neno tulilosahau maana yake: sitara. Sitara ni kumfunika aliyevuliwa nguo. Kimya ni kumwachia yule aliyemvua. Mzazi anayemsikiliza mwanawe, akamkumbatia, akapeleka shauri polisi bila kulitangaza mtaani, amemsitiri. Anayempiga na kumnyang'anya simu amefunika jambo, na mtoto amebaki uchi mikononi mwa adui. Wahenga walikwisha kutwambia kwamba mficha uchi hazai.

La kufanya

Yaliyo rahisi tuyafanye leo. Akaunti ya mtoto iandikwe umri wake wa kweli, kwa maana anayeandikwa kwa uongo kuwa na miaka 18 anafunguliwa milango yote. Mazungumzo na wageni yazimwe kwa mdogo, yafunguliwe kwa ndugu na marafiki anaowajua kwa sura. Kadi ya benki isiunganishwe na mchezo; Robux zikinunuliwa zinunuliwe kwa kiasi, na mtoto ajue kwamba zawadi kutoka kwa asiyemjua ni deni. Tableti ikae sebuleni. Na mtoto afunzwe kanuni moja iliyo nyepesi kukumbuka: anayekuomba muhamie programu nyingine, nionyeshe kwanza.

Jambo likishatokea, asilipwe hata baisa moja, maana anayelipwa hurudi. Ujumbe usifutwe: zipigwe picha za skrini zenye jina la akaunti na tarehe. Mazungumzo naye yakomeshwe. Kisha polisi au 1100.

Lililo gumu linataka muda. Skuli zitufunze sisi wazazi pamoja na watoto. Wahubiri wa Ijumaa na walimu wa Kurani, ambao sauti yao inafika kila nyumba, wawaambie wazazi waziwazi kwamba mtoto aliyenyang'anywa ni aliyedhulumiwa. Na kila mzazi amwambie mwanawe, kabla ya lolote kutokea na kwa maneno yasiyo na shaka: lolote likikufika humo, hata ukiwa umekosea, ukiniambia sitakupiga. Kisha aitimize ahadi hiyo siku itakapopimwa, kwa sababu itapimwa mara moja tu.

Bibi naye asijitoe. Hana haja ya kujua Kiingereza. Ana kiti pembeni ya kitanda, na ana mchana mrefu wa joto mbele yake. Akae na mjukuu wake, aiangalie ile ngome iliyojengwa, asifu panapostahili kusifiwa, aone ni nani wanaoingia na kutoka mlangoni. Kisha aulize, kwa lugha ile ile aliyomlelea mama yake: "Hebu niambie, mwanangu, huyu aliyekuja sasa hivi ni nani?"